Mti wa Maua kwa Kiwanja cha 20 kwa 20: Chagua Mahali Kwanza, Ua Baadaye

Mkrismasi wangu wa kwanza niliupanda hatua tatu kutoka kwenye ukuta wa uzio. Ulikuwa mche wa kwenye kiriba, haukuvuka goti, na vijani vyake vidogovidogo kama vya mkwaju vilinipendeza. Kila Desemba nilikuwa naiona mikrismasi ya barabarani ikiwaka nyekundu, nami nikataka wangu. Mwaka wa saba ukatoa maua. Mwaka wa nane pevingi za mlangoni zikaanza kuinuka mojamoja, kana kwamba kuna mtu chini anazisukuma. Mwaka wa kumi ukuta ukapasuka kuanzia msingi hadi juu, na jirani yangu, mzee asiye na maneno mengi, akaniita nikaone upande wake. "Mwanangu," akasema, "mti wako umeshahamia kwangu. Umebakiza kuleta godoro tu."

Tuliukata kwa siku tatu. Kisiki chake kinachipua mpaka leo.

Mkrismasi hauna ubaya wowote. Asili yake Madagaska, ukipata nafasi mwavuli wake hutanda kuliko urefu wake, na mizizi yake mingi hutambaa juujuu ya ardhi. Ni mti wa uwanja wa shule, wa kituo cha basi, wa watu kukaa chini yake wakinywa kahawa. Kosa lilikuwa langu: nilichagua ua, nikasahau kiwanja. Tangu hapo nimesaidia watu kadhaa kupanda bustani zao, wengi wakiwa Dar es Salaam na Kibaha, wachache Arusha, na kila mara tunaanza kwa kupima. Maua tunayaongelea baadaye.

Hatua ya 1: Pima kabla hujapenda

Kiwanja cha 20 kwa 20 kina mita za mraba 400. Toa nyumba ya vyumba vitatu, tuseme 12 kwa 11. Toa karo la maji machafu ya choo na shimo lake la kunywea maji. Toa njia ya gari kutoka getini na mahali pa kugeuzia. Toa kisima au tangi, banda la kuku, kamba ya kuanikia nguo. Mbele ya nyumba unabaki na ukanda wa mita nne au tano, ubavuni mita tatu kama fundi alikuhurumia. Mti wenye mwavuli wa mita kumi hapo utaishi kwa jirani, na makombo yake utayafagia wewe.

Chukua tepu, karatasi na kalamu. Chora kiwanja chako, si lazima kiwe kizuri, kisha weka alama kwenye vitu hivi: msingi wa nyumba, ukuta wa uzio, karo na mifuniko yake, bomba la maji kutoka kwenye mita, na waya wa umeme unaotoka kwenye nguzo kuja kwenye nyumba. Huo waya ndio unaosahaulika, kwa sababu mtu akishika tepu huangalia chini tu. Inua kichwa.

Ninapoandika hapa "mti mdogo" namaanisha mti ambao ukikomaa unasimama kati ya mita 3 na 6, au unaokubali kukatwa ubaki hapo. Kanuni yangu ni nyepesi: gawa upana wa mwavuli wa mti uliokomaa kwa mbili, ongeza mita moja, na shina lisiukaribie ukuta kuliko hapo. Mwavuli wa mita 4 unataka mita 3 kutoka ukutani. Kwenye karo sifanyi hesabu, naweka mita 5 au zaidi kwa mti wowote, maana hakuna mzizi unaopita karibu na maji ya karo ukajizuia. Chini ya waya wa umeme weka kitu kisichovuka mita 3, au uache majani na maua mafupi.

Halafu fanya jambo hili ambalo wateja wangu huliona mchezo mpaka walifanye. Pigilia kijiti mahali unapofikiria kupanda. Funga kamba yenye urefu wa nusu ya mwavuli, zunguka nayo ukimwaga majivu au chokaa. Umepata duara. Sasa liache wiki nzima, uishi nalo. Ingiza gari, anika nguo, watoto wacheze. Mama mmoja wa Mbezi alichora duara lake akaridhika kabisa, kesho yake akagundua kamba yake ya nguo inapita katikati. Mti wenyewe alioutaka una ndege, na chini ya ndege hakuna shuka jeupe. Tulisogeza kijiti mita mbili, tukawa tumemaliza ugomvi wa miaka ishirini kwa dakika tano.

Hatua ya 2: Jua, upepo, na kilicho chini ya mchanga

Miti mingi ya maua inataka jua la angalau saa sita kwa siku. Toka nje saa 2 asubuhi, saa 6 mchana na saa 10 jioni, utazame kivuli cha nyumba na cha ukuta vinaangukia wapi. Ukuta wa mita mbili na nusu una kivuli kirefu kuliko watu wanavyodhani, na mti ukiwekwa kivulini utatoa majani ya kupendeza na maua ya kuhesabu kwa vidole. Usisahau kwamba jua letu linahama: mwezi wa 6 liko kaskazini, mwezi wa 12 liko kusini. Ubavu wa nyumba ulio na jua tele leo unaweza kuwa gizani baada ya miezi sita.

Kama uko karibu na bahari, Kigamboni, Bagamoyo, Tanga au upande wa Kenya kule Kilifi, uulize upepo. Kusi huja na chumvi. Ukiona majani ya mimea ya jirani yameungua kingoni upande mmoja tu, ule wa bahari, umeshapata jibu.

Udongo sasa. Viwanja vingi vya mjini vimejazwa kifusi: saruji iliyomwagika, vipande vya tofali, misumari, mifuko ya nailoni. Juu wameweka udongo mwekundu wa inchi nne na nyasi, panapendeza kweli. Chimba shimo la sentimita 40 uone mwenyewe. Kisha lijaze maji, yanywewe, lijaze tena. Asubuhi ukikuta maji yapo bado, mti wenye kupenda ukavu kama furanjipani hautadumu hapo. Utaoza kuanzia chini. Yakinywewa ndani ya nusu saa, basi ni mchanga mtupu wa pwani, na kazi yako itakuwa kuongeza samadi na matandazo. Wenzetu wa Kenya, kule Kitengela na Athi River, wenye ule udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba mvua zikinyesha na kupasuka jua likiwaka, wao wapande juu ya tuta, si ndani ya shimo.

Hatua ya 3: Jisemee ukweli unautakia nini

Kivuli cha kuweka viti viwili? Harufu usiku dirishani? Kuziba jicho la ghorofa ya jirani? Ndege? Tunda? Chagua moja, labda mbili. Mti unaotoa vyote haupo, na anayekuuzia kwa maneno hayo ana haraka ya kufunga duka.

Hatua ya 4: Miti yenyewe

*Furanjipani* ndio ninaoupendekeza kwanza kwa nyumba ya pwani, na najua wapo wanaoona umezidi kuwa wa kawaida. Umekuwa wa kawaida kwa sababu unafaa. Ulikuja kutoka Amerika ya Kati na visiwa vya Karibi, unavumilia ukame, mizizi yake haina ugomvi na misingi, na hukaa kwenye mita 4 hadi 6 bila kubembelezwa. Ipo aina mbili utakazokutana nazo. Moja majani yake yana ncha kali na hupukutika wakati wa kiangazi, mti ukabaki na vidole vinene vya kijivu. Maua yake huwa meupe, ya njano, ya waridi au mekundu. Ya pili majani yake ni ya kijani iliyokolea, yanang'aa, ncha zake butu, na hubaki na majani karibu mwaka mzima. Maua ni meupe yenye njano katikati. Ukitaka mti wa mbele ya nyumba usioonekana kama umekufa mwezi wa 8, chukua wa pili.

Harufu yake huzidi usiku. Ua lenyewe halina utamu wowote ndani. Linawadanganya nondo wakubwa wa usiku waje kutafuta asali isiyokuwapo, wakitoka wamebeba chavua. Mvunjie tawi utaona utomvu mweupe kama maziwa: usiuache ufike machoni, na watoto waelezwe. Ugonjwa wake mkubwa ni kutu, unga wa rangi ya chungwa chini ya jani. Okota majani yaliyoanguka uyachome, usimwagilie juu ya majani, mara nyingi yatosha.

*Mlangilangi* ni habari nyingine. Mtu wa Unguja au Pemba hahitaji kuelezwa. Langilangi ni ua la nywele, la kikuba pamoja na asumini na mrehani, la kutandazwa kitandani mwa bibi harusi. Ukiuacha mlangilangi uende unavyotaka utavuka mita 10 na maua yote yatakuwa juu, kwa kunguru. Ndiyo maana watu huniambia hauingii kwenye kiwanja kidogo. Unaingia. Tazama Komoro, wanakolima langilangi kwa ajili ya mafuta ya manukato: huko mti unakatwa kichwa ungali mdogo, matawi yanaelekezwa pembeni na kuinamishwa, na mchumaji anachuma asubuhi na mapema akiwa amesimama chini. Mti wa namna hiyo hauna umbo la kupigia picha. Unafanana na mwavuli uliovunjika kamba. Lakini saa 2 usiku, madirisha yakiwa wazi, hutajali umbo.

Masharti yake: udongo wenye rutuba, maji ya kutosha mwaka wa kwanza na wa pili, na mahali pasipo na upepo mkali, kwa sababu matawi yake hukatika upesi. Uweke mita 3 au 4 kutoka dirishani, si chini yake kabisa. Harufu ikizidi humuumiza kichwa mgeni, na hata mwenyeji.

*Mmulimuli* ndio mti wetu ambao tunauacha porini. Wataalamu wanauita Cassia abbreviata. Ukisafiri kwa basi mwishoni mwa kiangazi, mwezi wa 9 au wa 10, nyika ikiwa kavu kabisa, utauona umesimama peke yake umejaa maua ya njano kabla hata majani hayajatoka. Haukuletwa na meli. Joto, mchanga, na miezi mitano bila mvua vyote unavijua. Unakua polepole, na hiyo kwa kiwanja kidogo ni sifa. Maganda yake marefu mviringo, mengine yanapita nusu mita, hukaa yakining'inia muda mrefu. Kuna wanaoyaona machafu, mimi nayapenda. Tahadhari moja ya kijamii: magome na mizizi yake ni dawa inayojulikana sana, na wakishajua unao, watu watabisha hodi na panga. Amua mapema utajibu nini, kwa sababu mti uliochunwa gome pande zote hufa.

Miche yake vitaluni ni adimu. Mara nyingi utalazimika kuotesha mbegu: zimwagie maji yaliyochemka na kuepuliwa, uziache humo mpaka kesho yake, ndipo uzipande kwenye viriba.

*Mkomamanga* kwa kona yenye jua kali na udongo mbaya. Maua mekundu ya kuelekea chungwa, yamekaza kama yamechongwa kwa nta, halafu tunda. Hukaa mita 3 hadi 5, una miiba kidogo, na hutoa machipukizi mengi chini ambayo lazima uyaondoe ukitaka uwe mti badala ya kichaka. Ukiumwagilia leo kwa wingi na kuusahau wiki tatu, matunda yatapasuka.

*Mhina* hauthaminiwi. Watu wanaukumbuka kwa majani ya kusaga, wanasahau kwamba vishada vyake vya maua madogo vina harufu tamu sana, na mti wenyewe unaishi kwa maji kidogo mno. Unafaa ubavuni mwa nyumba, kwenye ile mita tatu, ukizibia jicho la jirani. Matawi ya zamani huwa na miiba.

*Bauhinia*, ule wenye jani lililogawanyika kama ukwato wa ng'ombe, na maua ya zambarau au meupe mfano wa okidi, hupandwa sana mijini. Ni mzuri, lakini mpe mita 4 kutoka ukutani kwa sababu hupanuka, na upogoe kila unapomaliza kuchanua.

*Mtakawa* kwa waliopakana na bahari. Ua lake huwa la njano asubuhi, likizeeka linageuka kuwa jekundu, na chumvi haiusumbui. Unakua mkubwa kuliko mingi niliyotaja, basi uwe na msumeno.

*Bogonvilia* kwa hakika ni mmea wa kutambaa, lakini ukichagua shina moja, ukalifunga kwenye nguzo imara, na kukata kila kinachochipua chini ya mita moja na nusu, baada ya miaka mitatu unapata mti mdogo wenye kichwa cha rangi. Hiyo rangi ni majani yaliyobadilika. Ua lenyewe ni kile kitu cheupe kidogo katikati. Siri yake ni kuubania maji. Unaomwagiliwa kila siku hutoa majani na miiba tu, na mwenyewe analalamika kwamba kauziwa mbegu mbaya.

Kwa walioko juu kwenye baridi, Arusha, Lushoto, Mbeya, Nairobi, hesabu inabadilika. Mlangilangi sahau. Furanjipani utakua ila kwa mwendo wa kinyonga. Huko tafuta kalistemoni, ule wa Australia wenye maua mekundu mfano wa brashi ya kusafishia chupa. Ndege chozi hawabanduki humo. Au kaliandra, ambayo wafugaji wengi wa milimani wanayo tayari kama chakula cha mbuzi, bila kuifikiria kama mapambo. Au mwamba ngoma, mti wa asili wenye maua mekundu kama moto kwenye matawi makavu. Huota kwa kuchomeka tawi nene ardhini. Huu wa mwisho una miiba shinani, na mbegu zake nyekundu zenye doa jeusi ni sumu zikitafunwa, basi kwa mwenye watoto wadogo mimi nasema ngoja wakue. Jakaranda usiniulize. Nairobi inapogeuka zambarau mwezi wa 10 kila mtu anautaka, lakini ule ni mti wa barabara, ndugu yake mkrismasi kwa kupenda nafasi.

Hatua ya 5: Inayopendeza ila uikatae

Oleanda, ya waridi na ile ya njano yenye majani membamba, zimejaa kwenye uzio wa nyumba nyingi kwa kuwa mbuzi hawazili. Mbuzi wana akili. Kila sehemu ya mimea hiyo ina sumu inayovuruga mapigo ya moyo, na mbegu za ile ya njano zimeshaua watu katika nchi mbalimbali. Usikate matawi yake ukachomea mishikaki. Vivyo hivyo ule mti wa milimani wenye maua makubwa yanayoning'inia kama tarumbeta: ni ndugu wa mnanaha, ule mmea wa sumu unaovuruga akili, na anayeujua mnanaha anajua unavyomfanya mtu.

Tekoma, yenye kengele za njano, inaota haraka, inachanua mwaka wa kwanza, bei yake ni ndogo, na kila mwuzaji atakusukumia. Mbegu zake zina mabawa. Upepo ukizichukua hutazirudisha, na katika sehemu nyingi za Afrika imeshaacha bustani na kuingia vichakani. Nayo Senna spectabilis yenye vishada vya njano imevamia misitu, ikiwamo ya Hifadhi ya Taifa ya Mahale, ambako wamehangaika kuidhibiti. Ukitaka njano, rudi kwenye mmulimuli.

Hatua ya 6: Kwenye kitalu

Nenda mwanzoni mwa juma, asubuhi, si Jumamosi jioni wenye magari wamejaa. Kabla hujaenda, tembea mtaani utafute mti uliokomaa wa aina unayoitaka na usimame chini yake. Angalia ardhi inayouzunguka, angalia ukuta ulio karibu, mwulize mwenye nyumba anafagia mara ngapi kwa siku. Hakuna mtaalamu atakayekujibu vizuri kuliko huyo.

Kitaluni maongezi huwa hivi:

"Kaka, huu ukikua unafika wapi?"

"Huu dada hauendi juu. Ni wa kawaida tu."

"Wa kawaida ni mita ngapi?"

"Inategemea na matunzo."

"Mama yake yuko wapi? Nioneshe mti mlikotoa hii miche."

Hilo la mwisho ndilo swali. Mwuzaji mzuri atakuelekeza mtaa na nyumba, au atakuonyesha mti nyuma ya kitalu. Asiye na jibu, mwachie mche wake.

Sasa mkague mche. Usivutiwe na wenye maua mengi kwenye kiriba kidogo. Mara nyingi huo umeshakaa humo muda mrefu na umechanua kwa dhiki. Chukua mfupi, shina nene, majani mapya kileleni. Geuza kiriba uangalie chini: mzizi mnene ukiwa umetoboa na kuingia ardhini, wataukata wakikung'olea. Omba ruhusa ya kukipasua kidogo ubavuni. Mizizi myeupe iliyotawanyika ni mizuri. Ukiona mzizi umejizungusha mara mbili tatu kama kamba ya kisima, rudisha, maana utaendelea kujizungusha hata ardhini, na baada ya miaka mitano mti utajinyonga au utaangushwa na upepo. Geuza na majani, tazama chini yake, kutafuta kutu, vidukari na ule unga mweupe wa mdudu wa pamba.

Furanjipani hata usinunue. Omba tawi la nusu mita kwa mtu.

Hatua ya 7: Kupanda

Panda mvua zikishika, si zikikaribia kwisha. Pwani maana yake mwishoni mwa mwezi wa 3 kwa masika. Vuli pia yafaa, mradi uwe na maji ya kuvukia Januari na Februari.

Chimba shimo la sentimita 60 kila upande na 60 kwenda chini. Udongo wa juu weka kulia, wa chini weka kushoto. Kifusi kitoe chote, usirudishe hata kipande. Changanya udongo wa juu na debe moja la samadi iliyooza kabisa, ile isiyonuka wala kuwa na joto ukiingiza mkono. Kwa furanjipani, mmulimuli na bogonvilia punguza samadi hadi robo debe. Ukizilisha sana zitakupa majani.

Pasua kiriba, usikivute. Weka mche ili shingo, pale shina linapokutana na mizizi, iwe sawa na ardhi. Kulizika shina huua miche mingi, ila lawama hupewa mchwa. Rudisha udongo, kanyaga kwa kisigino taratibu, tengeneza kingo mviringo kama sinia ili maji yasikimbie, mwaga ndoo mbili. Tandaza nyasi kavu au majani, unene wa kiganja, yasiguse shina. Kijiti cha kuegemea kipigilie upande unaotoka upepo na ufunge kwa kitambaa laini, fundo la umbo la 8, mti uweze kuyumba kidogo. Usiotikisika hauoti nguvu.

Hatua ya 8: Mwaka wa kwanza na mkasi

Maji: ndoo moja ya lita 20 mara mbili kwa wiki kiangazi cha kwanza, kwa pamoja, taratibu, badala ya kunyunyiza kidogokidogo kila jioni kwa mpira. Kunyunyiza kunaita mizizi juu, na mizizi ya juu ndiyo inayoinua pevingi. Usiyekuwepo nyumbani siku nyingi, toboa tundu dogo kwenye kifuniko cha chupa ya lita moja na nusu, ijaze, ichomeke kichwa chini karibu na mche.

Mlangilangi ukifika mita mbili na nusu, kata kichwa. Mkono utasita. Kata. Matawi ya ubavuni yakirefuka, yafunge kamba na kuyainamisha polepole kwa wiki kadhaa, yasikatike. Mkomamanga toa machipukizi ya chini kila mwezi. Mmulimuli usiuguse, labda tawi lililovunjika. Furanjipani ukate baada ya maua, ukiacha kila tawi lililokatwa litoe mengine mawili matatu, na vaa miwani kwa sababu ya ule utomvu.

Vipande vya furanjipani ulivyokata usivitupe. Viegeshe kivulini wiki moja au mbili mpaka jeraha likauke, kisha vichomeke kwenye mchanga wenye udongo kidogo, bila maji mengi, mpaka uone majani. Mimi mwaka jana nilipata saba. Viwili nilimpelekea yule mzee jirani. Alivipokea, akavitazama juu na chini, akaondoka kwenda kupima mwenyewe kwa hatua kutoka kwenye ukuta wetu, akihesabu kwa sauti ili nisikie.